Matoleo ya Zamani

Kila siku ya shule, saa nane na nusu mchana, basi lilimshusha Kendi mbele ya jengo lao, naye alifanya mambo yale yale kwa utaratibu ule ule. Alimsalimu mlinzi wa mlangoni, Mnepali mpole ambaye baada ya salamu hakuwa na lugha nyingine ya kuelewana naye. Alipanda lifti hadi ghorofa ya tano, akafungua mlango, akavua viatu, akanawa mikono, akapasha moto wali wa jana na kuula akiwa amesimama jikoni. Kisha alikaa. Na hapo ndipo kazi ngumu ya siku ilipoanza, maana kukaa peke yako tangu saa tisa hadi saa moja jioni si mchezo, hasa ukiwa na miaka kumi na miwili na huna hata wa kumwambia kwamba wali umeungua.

Alikuwa ameishi Doha miezi saba. Mama yake, Peninah, aliyemtangulia kwa miaka sita, alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja huko West Bay, kwenye minara ya vioo. Aliondoka kabla Kendi hajaamka na kurudi jua likiwa limezama. Baba na mdogo wake Kendi walikuwa bado Nkubu, Meru, wakisubiri shughuli za kibali zikamilike. Kila jioni walizungumza kwa simu dakika kumi, baba akiuliza habari za masomo na mdogo wake akipiga kelele nyuma. Simu ikikatwa, nyumba ilibaki na mvumo wa kiyoyozi tu.

Shuleni hali haikuwa tofauti sana. Watoto wenzake walijuana tangu chekechea. Darasani wote walizungumza Kiingereza, lakini kengele ya mapumziko ikilia kila kundi lilirudi kwenye lugha ya nyumbani kwao, huyu Kiarabu, yule Kihindi, na wale wa pembeni Kifilipino. Kendi alikula mkate wake karibu na bomba la maji. Hakuna aliyemwonea, lakini hakuna aliyemwona pia, na siku nyingine alitamani hata mtu amtanie tu ili ajue kwamba yupo.

Sebuleni, chini ya meza, kulikuwa na kompyuta moja nyeusi ambayo haikuzimwa mchana wala usiku. Hiyo ndiyo iliyobeba Orodha ya Ijumaa.

Doha siku ya mapumziko ni Ijumaa, kwa hiyo hata Wakristo husali Ijumaa. Eneo la makanisa liko mbali na mjini, na wengi wa wenzao wa ibada ya Kiswahili hawakuwa na magari. Walikuwa walinzi, wahudumu wa hoteli na wasichana wa kazi za nyumbani. Madereva wanne walijitolea kuwachukua. Mwanzoni walipangana kwa kundi la WhatsApp, lakini mtu akiandika yuko wapi, jina lake lilizama chini ya picha za maua na "amina" hamsini. Basi miaka mitano iliyopita Peninah akatengeneza tovuti ndogo. Unaandika jina lako na mahali ulipo, tovuti inakupangia gari, na Alhamisi saa moja jioni orodha inafungwa na kila dereva anatumiwa majina ya watu wake.

Mmoja wa watu hao alikuwa Nasimiyu, mwanamke wa Bungoma aliyelea watoto katika nyumba moja kule The Pearl, mtaa wa matajiri kando ya bahari. Yeye alipewa Ijumaa moja tu kwa mwezi. Simu yake ilikaa kwenye droo ya jikoni, ndiyo kanuni ya nyumba ile, na aliishika saa tisa hadi saa kumi alasiri tu, watoto wakiwa wamelala. Ijumaa yake ilipofika, baada ya ibada alimketisha Kendi katikati ya magoti yake na kumsuka nywele, akimpa habari za binti yake aliyemwacha nyumbani, ambaye alikuwa na umri wa Kendi. Kwa saa moja hiyo Kendi alicheka, akabishana, akasimulia hata upuuzi. Kisha alianza kuhesabu tena wiki nne.

Sasa, Jumatatu moja, mwalimu wa klabu ya kompyuta aliwapa wanafunzi kazi. Kila wawili watengeneze tovuti ndogo na kuileta Jumapili, siku ya kwanza ya wiki ya shule. Waitengeneze juu ya kiunzi. Kiunzi, kwa mafundi wa tovuti, ni kama nguzo na mapaa yaliyokatwa tayari. Wewe huanzi kutafuta miti msituni, unasimamisha nguzo ulizopewa na kuongeza kuta zako. Waliotengeneza kiunzi hicho hukirekebisha kila baada ya muda na kukipa namba mpya, na mwalimu alitaka wote watumie namba sita, iliyotoka mwaka huo.

Wanafunzi walijigawa wawili wawili. Walikuwa kumi na watatu. Kendi alibaki amesimama.

"Wewe unaweza hata peke yako," mwalimu alimwambia, akidhani anamsifu.

Jioni ile Kendi alimwomba mama yake amwekee kiunzi namba sita kwenye kompyuta nyeusi. Peninah alikuwa amechoka hoi. Ofisi yao ilikuwa inahamia ghorofa nyingine, na wiki nzima alishinda akibeba nyaya.

"Subiri mpaka Jumamosi, mwanangu, nitakuwekea mwenyewe," alisema. "Ile mashine ina mambo yake. Usiiguse kabla sijakuonyesha."

"Sawa, Mama," Kendi akajibu.

Na alikuwa amekubali kwa moyo wote, msidhani alidanganya. Lakini Jumanne mchana wali uliliwa, vyombo vikaoshwa, na saa bado ilikuwa tisa na dakika kumi. Akaiangalia kompyuta. Alijua kuweka programu, alikuwa amemwona mama yake akifanya hivyo mara nyingi. Alifikiri kwamba tovuti yake ikiwa nzuri kuliko zote, huenda Jumapili mmoja wao akaja kukaa karibu naye na kuuliza ameifanyaje. Kwa ajili ya swali hilo moja alivuta kiti akaketi.

Mashine ilimkatalia, ikamwambia diski imejaa. Kendi akaanza kutafuta kitu cha kufuta.

Peninah alikuwa na tabia yake moja. Kwa kuwa mchana kutwa alizungumza Kiingereza cha ofisini, kila kitu ndani ya kompyuta yake ya nyumbani alikipa jina la Kiswahili. Kulikuwa na folda ya picha, ya barua, ya mapishi, na ile ya orodha_ya_ijumaa, ambayo Kendi hakuisogelea hata kidogo. Na kulikuwa na moja kubwa kuliko zote, iliyoitwa matoleo_ya_zamani.

Matoleo Kendi aliyajua. Kila Ijumaa, kikapu kinapoanza kupita, mzee wa kanisa husimama akasema, "Sasa ni wakati wa matoleo." Na mama yake, alipokuwa Nkubu, aliwahi kuwa mhazini wa umoja wa akina mama. Basi hizo zilikuwa hesabu za sadaka za kanisa la nyumbani, tena za zamani. Nani angezihitaji Doha? Shuleni mambo yote ya kompyuta waliyasoma kwa Kiingereza, na neno hilo kwa maana nyingine hakuwahi kulisikia. Akaifuta folda, akamwaga na pipa la taka la kompyuta, ili kusibaki kitu.

Kiunzi namba sita kikaingia bila matata. Mashine ikaomba izimwe na kuwashwa upya, naye akakubali. Kufikia saa kumi na mbili alikuwa na ukurasa mzuri kuhusu Nkubu, wenye picha ya mashamba ya chai na nyingine ya mbuzi wa nyanya yake akila kitambaa kilichoanikwa kwenye kamba. Kendi alicheka peke yake kwa sauti. Kisha akageuka, kwa mazoea ya mtu anayetaka kumwonyesha mwenzake, akakutana na kochi tupu.

Jumatano jioni, Peninah aliingia na simu mkononi.

"Anko Philipo ameniandikia," alisema. Philipo alikuwa Mganda aliyeendesha magari ya kampuni siku za kazi, na Ijumaa aliendesha gari lake mwenyewe lenye viti vya abiria saba, bila malipo. "Anasema Orodha haifunguki tangu jana. Watu wanampigia. Kendi, hukuigusa ile kompyuta?"

Kendi alikumbuka kwamba mashine ilizimika ikawaka tena. Hakujua kosa ni lipi hasa, lakini alijua limetoka wapi.

"Labda ni mtandao," alisema. "Leo umekatikakatika."

Haikuwa kweli. Lakini mtandao wa jengo lile ulikuwa na sifa hiyo tangu zamani, na Peninah alikuwa na usingizi machoni. Akauzima mtambo wa intaneti, akauwasha, akasema, "Kesho nitajaribu kutoka mapema niangalie vizuri." Dakika tano baadaye alikuwa amelala kwenye kochi na viatu vyake miguuni. Kendi alimvua viatu. Alitaka kumwamsha, akakosa la kuanza nalo, akaenda chumbani kwake.

Alhamisi alitoka kwenye basi la shule akikimbia. Leo hakula. Aliketi mbele ya kompyuta na kuifungua Orodha, akakuta maandishi mekundu: tovuti ilikuwa imeomba kiunzi namba tatu, ikaambiwa hakipo. Kendi akapata wazo. Alitafuta ule mstari uliotaja tatu, akaandika sita. Maandishi mekundu yaliongezeka, sasa yalikuwa mistari arobaini, yote yakilalamika. Namba sita ilikuwa imebadilisha viungio vyake, na nyumba ya zamani haikuweza kusimama juu yake hata kwa kulazimishwa. Akarudisha ile tatu.

Saa tisa na nusu simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa Nasimiyu, aliyezungumza kwa sauti ya chini, kama kawaida yake akiwa kazini.

"Kendi mwanangu, hujambo? Tangu juzi najaribu kuandika jina langu kwenye Orodha, ukurasa hauji. Nimempigia mama yako, hashiki, najua yuko kazini. Kesho ndiyo Ijumaa yangu. Nikiikosa hii, ni mpaka mwezi ujao. Niambie tu kama gari linakuja, nisimame pale pa kila siku, au nisijisumbue. Saa kumi simu inarudi kwenye droo."

Kendi aliusikiliza mara tatu. Akaandika, "Gari litakuja," akafuta, kwa sababu hakujua kama litakuja. Akaandika, "Anti, Orodha imeharibika," akafuta, kwa sababu angeulizwa nani ameiharibu. Akaandika, "Nimeiharibu mimi." Aliyatazama maneno hayo mawili mpaka machozi yakamzuia kuyaona. Aliyafuta, akaitazama saa: kumi kasoro dakika moja. Hapo mwishowe aliandika yote, kwamba kosa ni lake, kwamba anamwambia mama yake sasa hivi, na kwamba tafadhali asimame pale pa kila siku. Akabonyeza.

Ilikuwa saa kumi na dakika tano. Chini ya ujumbe ilitokea alama moja tu ya kijivu, na moja ikabaki moja. Simu ya Nasimiyu ilikuwa imekwisha kuzimwa.

Kendi alimpigia mama yake. Alipiga mara nne mpaka akashika.

"Mama, si mtandao," alisema kabla hajaulizwa. "Ni mimi. Niliweka kiunzi kipya Jumanne. Nafasi haikutosha, nikafuta folda moja. Halafu nikakudanganya."

Upande wa pili ilisikika sauti ya mtu akivuta meza.

"Folda gani?"

"Ile ya matoleo. Ya kanisa."

"Ya kanisa?" Peninah akarudia polepole, kama anayeonja kitu asichokitambua. Kisha akashusha pumzi. "Kendi. Kila mara kiunzi kinapotoka upya na namba mpya, hilo linaitwa toleo. Kama kitabu kikichapishwa upya. Moja ni toleo, mengi ni matoleo. Ile folda ilikuwa na viunzi vya zamani, ikiwemo namba tatu. Orodha niliijenga juu ya namba tatu, na haijui kusimama juu ya kingine."

Kendi alikuwa ameng'oa nguzo za nyumba akidhani ni vitabu vya sadaka.

"Usiguse kitu," mama yake akasema. "Nakuja."

Alifika saa kumi na moja na nusu, ameomba ruhusa na kukimbia kutoka kituo cha metro kwenye joto lile, blauzi imemganda mgongoni. Hakufoka. Kendi angependa afoke, ingekuwa rahisi zaidi. Peninah alikunywa maji bilauri nzima, akavuta kiti cha pili, akamwonyesha binti yake kile cha kwanza.

"Keti wewe. Uandike wewe. Mimi nitakuambia."

Kwanza walihamisha picha kwenye diski ya nje ili wapate nafasi. Kisha wakaenda kwenye ghala la mtandaoni ambako waliotengeneza kiunzi huhifadhi matoleo yao yote, mapya kwa makongwe, wakalipata la namba tatu. Peninah alimwelekeza Kendi namna ya kuitengenezea kila tovuti chumba chake ndani ya mashine ileile moja. Chumba cha Orodha kikawekwa namba tatu, na chumba cha kazi ya Kendi kikabaki na namba sita. Kila tovuti ikiamka inatazama chumbani mwake tu, haijui kama jirani yake yupo.

"Kwa hiyo yote mawili yanakaa pamoja?" Kendi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Yanakaa. Hukuhitaji kufuta lolote. Ulihitaji kuuliza tu." Peninah alisugua macho. "Na mimi nina kosa langu. Ile folda niliipa jina ninaloelewa mimi peke yangu, na vyumba hivi nilipaswa kuvitengeneza zamani. Lakini lako nalo ni lako."

Saa moja kasorobo Orodha ilifunguka. Majina kumi na moja yaliyoandikwa kabla ya Jumanne yalikuwepo salama. Peninah aliwatumia wenzao ujumbe haraka haraka, simu zikaanza kulia, na ilipotimia saa moja majina yalikuwa ishirini na manane. La Nasimiyu halikuwemo.

"Niliandike mimi," Kendi alisema.

"Liandike. Lakini kuandika jina lake si kumfikishia habari. Yeye hajui kama anachukuliwa." Peninah akampa simu. "Na dereva wa upande ule ni Philipo. Mwambie wewe."

Kendi alipiga, akaeleza yote. Philipo alikuwa mtu wa utani, lakini usiku ule hakutania. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusikia," alisema. "Sasa tuhesabu viti. Nina vijana watano wa Industrial Area, kule viwandani, saa moja na nusu niwe nimefika pale. Na nyinyi wawili, saba. Nasimiyu ni wa nane. Tena The Pearl na Industrial Area ni huku na kule, na sijui kama huyo dada atakuwa amesimama. Niende bure?"

Peninah, aliyekuwa akisikiliza, aliinamia simu. "Kiti changu mpe Nasimiyu, Philipo. Mimi nitapanda basi."

"Mama, mimi ndiye nipande basi," Kendi alisema. "Mimi ndiye niliyeharibu."

"La. Wewe utakwenda kwenye gari. Ukifika utashuka, umtazame Nasimiyu usoni, umwambie mwenyewe."

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu walikuwa tayari The Pearl. Barabara zilikuwa pana na tupu, boti nyeupe zimefungwa kwenye maji yasiyotikisika, na njia ya miguu imeoshwa kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuikanyaga. Mahali pa kila siku palikuwa mbele ya duka la dawa, ambalo saa ile lilikuwa limefungwa. Hapakuwa na mtu.

Philipo alizima injini. Dakika tano zikapita. Kendi aliitazama simu yake, alama ni ileile moja ya kijivu. Alifikiria Nasimiyu amekaa kwenye chumba chake kidogo nyuma ya jikoni, amevaa nguo ya ibada, hana pa kwenda, akingoja mwezi uanze kuhesabiwa upya. Aliijua hali hiyo. Yeye mwenyewe aliiishi kila siku kuanzia saa tisa.

"Kendi, vijana wananingoja," Philipo alisema kwa upole.

"Dakika mbili, Anko. Tafadhali."

Alishuka, akakimbia hadi kona ya jengo. Mbele kidogo, akienda zake taratibu kuelekea upande wa nyumba, alikuwa mwanamke aliyevaa gauni la kitenge cha buluu, Biblia kwapani.

"Anti Nasimiyu."

Mwanamke aligeuka. Kwanza alionekana kama hamjui, kisha uso ukamfunguka, kisha ukajikunja tena.

"Kumbe mmekuja," alisema. "Nimesimama pale tangu saa kumi na mbili. Mlinzi wa barabara akaja kuniuliza nangoja nani. Akaenda, akarudi, akaniuliza tena. Mara ya pili sikuwa na jina la kumtajia. Nikaona aibu, nikaanza kurudi."

Kendi alikuwa amejipangia maneno usiku, yote yakapotea. Akasema yaliyobaki. "Ni mimi niliyeharibu Orodha, Anti. Mama aliniambia nisiguse, nikagusa. Nikafuta kitu nisichokijua. Halafu nikaficha siku mbili. Hata jana uliponitumia ujumbe, nilijua, nikaogopa, na nilipojibu simu yako ilikuwa imezimwa. Ningejibu mara moja usingesimama hapo bila kujua."

Nasimiyu hakumkatiza.

"Umenikasirikia?" Kendi aliuliza.

"Ndiyo. Nilisimama pale nikajiona kama mtu asiye na mtu katika mji huu mzima. Nimekasirika, sikufichi." Alihamisha Biblia upande wa pili, akaunyosha mkono wake. "Itakwisha. Njoo, tusimcheleweshe Philipo."

Walitembea wakiwa wameshikana. Kendi alikuwa analia sasa, bila sauti, na Nasimiyu alimwacha alie hatua kadhaa kabla ya kusema tena.

"Unajua nikivunja kitu katika nyumba ile nafanyaje? Naenda kusema kabla hakijaonekana. Si kwamba siogopi. Lakini kuna wakati mmoja nilivunja sahani nikaificha, na wiki nzima sikuweza kucheka na wale watoto. Kila aliyeniita nilidhani amejua. Hata simu ya nyumbani nilikuwa nikiikata mapema. Nani alikuambia wewe ufiche?"

"Hakuna. Niliogopa Mama atakosa kuniamini, na nina yeye tu hapa."

"Na hizo siku mbili ulikuwa na nani?"

Kendi alifikiri. Alimkumbuka mama yake amelala kwenye kochi, na yeye amesimama kando na viatu mkononi, asiweze kumwamsha.

"Sikuwa na mtu," alisema.

Nasimiyu alitikisa kichwa kukubali. Philipo alikuwa amewaona, naye alikuwa ameufungua mlango wa gari kutoka ndani.

"Upweke wa ugenini tumeukuta hapa, mwanangu, hatukuuleta sisi, na tunaubeba tunavyoweza," Nasimiyu alisema. "Lakini ule wa kuficha kosa mtu hujitengenezea mwenyewe. Ukikosea, sema siku ileile, umwambie mtu. Tulio nao unatutosha, usijiongezee mwingine."